Gari la Kumrudisha Dada

Machi 11, Jumatatu

Mvua imeanza tukiwa tunakula. Tofali zote za asubuhi zimelainika, na msimamizi wa kiwanda ametukana mbingu, kisha akatugeukia sisi.

Nimeanza kuandika leo kwa sababu ya gari. Kila mtu ana lake la kusema kuhusu gari hili, na nikishalala nasahau nani alisema nini. Niliacha shule darasa la sita, lakini mkono bado unaandika.

Mambo yako hivi. Dada yangu, aliyenilea, amelazwa hospitali kubwa ya mji huu ninakofanya kazi. Aliteleza kwenye ngazi ya mlango wake huko nyumbani, akavunjika mgongo. Wamemfanyia upasuaji. Daktari anasema mvua zikiisha atarudi kwake, ila asirushwerushwe njiani. "Mfupa unashikana," aliniambia. "Ukitikiswa vibaya tunaanza upya, na mara ya pili siwaahidi kitu." Gari la wagonjwa linaishia kwenye lami. Baada ya lami kuna nusu siku ya mashimo.

Shemeji, mume wa dada, ndiye aliyemleta kwa gari lake kuukuu lenye mgongo mrefu wa kupakia mizigo nyuma ya viti. Springi zimechoka, nyuma limekaa chini kama mbwa anayesubiri mfupa. Kila shimo linagonga chuma kwa chuma. Dada alipiga kelele njia nzima hadi sauti ikamkauka. Sasa shemeji analala chumbani kwangu, upande wa dirisha, na gari liko uani.

Nitaliwekea springi mpya. Hilo nimeamua. Nani aziweke, ndipo tunaposhindwa kuelewana.

Machi 14, Alhamisi

Mvua. Hakuna kazi, hakuna posho.

Machi 17, Jumapili

Tumetoka kumwona dada. Haruhusiwi kugeuka bila muuguzi. Anazungumza akitazama dari.

"Nasikia miguu tu huko mlangoni," alisema. "Hiyo inayonata kwa matope ni ya mdogo wangu. Hiyo inayokanyaga kavu ni ya mume wangu. Mnagombana?"

"Hatugombani, dada."

"Mbona mmesimama mbalimbali?"

Tulipotoka nje shemeji akasema, "Tumpelekee fundi." Ni hilo tu analosema tangu aje. Mimi nikasema fundi atatuchukulia wiki nzima kwa jambo la nusu siku. Akarudia, "Tumpelekee fundi," kwa sauti ileile. Shemeji ni fundi cherehani. Kitu kizito alichowahi kunyanyua ni mkasi. Nadhani ananiona mtu wa kukoroga zege tu, asiyeweza kushika nati.

Machi 18, Jumatatu

Nimekwenda gereji ya Mzee Grisi, nyuma ya soko, ili shemeji asiseme sikwenda. Mzee Grisi alilizunguka gari, akalikandamiza nyuma kwa mkono, likazama na kubaki huko huko. Akataja bei. Nilikohoa. Akasema kukohoa hakupunguzi.

Kiwandani nikamsimulia dereva wa lori letu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Alicheka mpaka akashika usukani.

"Kaka, springi ni jeki na nati chache! Fundi anakutoza kwa sababu ya kukutazama unavyoogopa. Wewe nenda kwa muuza spea, mwambie akupe zile nzito, za mzigo. Zile zinabeba ng'ombe wawili na mwenye ng'ombe."

"Nzito ndizo nzuri?"

"Sasa wewe unataka nyepesi? Si ndizo zilizokushinda?"

Nikaona ni kweli. Lakini Mzee Grisi hakusema nzito wala nyepesi. Au alisema, nikawa nakohoa.

Machi 24, Jumapili

Nimenunua springi nzito mbili za nyuma, na shokapu zake mbili, zile bomba zinazozuia gari lisiendelee kudunda. Muuza spea alizigonga sakafuni, zikalia kama kengele. "Hizi hata ukihamisha nyumba," alisema. Shemeji alizitazama, akazishika, akajaribu kuikandamiza moja kwa mikono miwili. Haikusogea hata kidogo.  Angalau angesema ni nzuri.

Machi 31, Jumapili

Mvua tangu alfajiri. Springi ziko chini ya kitanda changu. Shemeji anakoroma kwa adabu.

Aprili 3, Jumatano

Dada amekalishwa kwa mara ya kwanza. Jasho lilimtoka kama mtu aliyebeba gunia. Akaniuliza gari limefika wapi, nikamwambia Jumapili. Akauliza, "Nani anatengeneza?" Nikasema mimi. Shemeji alikuwa anatazama dirisha. Dada akasema, "Haya," ile haya yake ndefu ambayo tangu utotoni sijawahi kuijua ni ndiyo au hapana.

Aprili 7, Jumapili

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Asubuhi mvua ilikatika. Niliazima jeki na spana kwa Redio, nikalegeza nati za magurudumu, nikalinyanyua gari nyuma. Jeki ni ya kunyanyulia, huwezi kuiamini ikae na gari juu yake, hilo nalijua. Lazima uweke kitu cha kulishikilia. Nilikuwa nimekuja na tofali kutoka kiwandani, nene, zenye matundu. Nilizipanga tatu tatu kila upande.

Shemeji alisimama na mwavuli ingawa mvua haikuwepo.

"Hizo zimekauka?" akauliza.

"Shemeji, mimi ndiye ninayezitengeneza."

"Ndiyo maana nauliza."

Nilikasirika. Nikamwambia kama anaogopa aende akashone. Hakuondoka. Nilipovua gurudumu la kulia akalichukua, akalivingirisha, akalilaza chini ya gari, karibu na mlango wa nyuma. La kushoto vilevile. Nilimwona, nikafikiri anapanga vitu tu, kama anavyopanga viatu vyetu mlangoni.

Nikajilaza chini. Nilifungua shokapu za zamani. Nikafungua ile mikono ya chuma inayoishika ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kwa sababu Redio aliniambia ukiilegeza ekseli inashuka vizuri na springi inatoka bila ubishi. Kweli ilitoka. Nilifurahi, nikaanza hata kupiga mluzi. Nikaingiza springi mpya ya kulia, nikaigonga kwa nyundo ili ikae kwenye kiti chake.

Kwanza nilisikia sauti kama mtu anayetafuna chumvi ya mawe. Ni sauti ninayoijua, naisikia kila siku tofali mbichi linapobebwa vibaya. Niliijua kabla ya kuelewa. Kisha gari likashuka.

Sijui nilifumba macho au la. Nilipoangalia, kutu ya chasisi ilikuwa mbele ya pua yangu, na kifua changu kilikuwa kinaweza kupanda na kushuka, ila kwa shida. Gari lilikuwa limelalia magurudumu. Yale magurudumu ya shemeji.

Alinivuta kwa miguu. Sikudhani ana nguvu hiyo. Shati langu lilibaki limenasa huko chini. Mwavuli ulikuwa umeanguka kwenye dimbwi. Tulikaa ukutani.

Baadaye nikamuuliza, "Kwa nini uliyaweka magurudumu pale?"

"Hayakuwa na pa kukaa. Yangelowa."

"Tairi lilowe, shemeji?"

Akaenda kuokota mwavuli.

Nilizigeuza zile tofali. Zilikuwa za wiki ile msimamizi alipotupunguzia saruji akisema watu hawatajua. Mimi mwenyewe ndiye niliyekoroga. Nilijua ni za kujengea ukuta wa mtu mwingine. Sikuwa nimefikiri kwamba tofali lile lingeweza kurudi kunitafuta.

Tukaazima vipande vinene vya mbao kwa jirani seremala, tukalinyanyua tena. Nikamalizia upande wa pili kwa haraka, nusu ya mwili nje, nikakaza kila nati hadi spana ikagoma, nikateremsha gari. Sikutaka kukaa chini yake hata kwa pumzi moja zaidi.

Liko uani, limesimama wima nyuma. Ni refu. Ni zuri hasa. Sijui kwa nini silipendi.

Aprili 9, Jumanne

Tulikubaliana dada asijue. Nilipoingia tu wodini:

"We mtoto! Unataka nirudi nyumbani jeneza lako likiwa juu ya gari?"

Nikamtazama shemeji. Akasema, "Aliniuliza."

"Ungesema hapana!"

"Yeye?" dada akasema. "Huyu hajui kusema uongo, anashona tu." Kisha akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaukamata, akaubana mpaka ukauma.

Aprili 14, Jumapili

Tumelijaribu. Shemeji alikataa kuendesha. Alijilaza kiti cha nyuma, chali, miguu ameikunja, kama dada atakavyolala. Nilicheka. Hakucheka. Nikaendesha hadi barabara ya machimbo ya mchanga, ile yenye mashimo kama ya nyumbani.

Gari halikugonga chuma kwa chuma hata mara moja. Nikapiga kelele, "Umeona?" Nyuma kulikuwa kunalia, ngwii, ngwii, kama kitanda cha wageni. Nikasimama, nikamgeukia. Alikuwa ameng'ang'ania mlango kwa mikono miwili.

"Zamani lilikuwa linagonga mashimo makubwa," akasema. "Sasa linagonga hata madogo."

"Si springi mpya?"

"Ndiyo mpya."

 Afadhali angenitukana.

Aprili 15, Jumatatu

Nimeuliza. Redio anasema litazoea. Muuza spea anasema gari halizoei, mtu ndiye anayezoea. Msimamizi, ambaye gari lake mwenyewe halina kioo, anasema punguza upepo wa matairi. Nimepunguza. Sasa linadunda kwa upole, lakini linadunda. Nimeuliza watu watatu nikapata magari matatu.

Inakuwaje kitu kizuri zaidi kiwe kibaya zaidi? Zile za zamani zilikuwa zimechoka, hizi zina nguvu. Mimi nikichoka sifai, nikiwa na nguvu nafaa. Kwa nini chuma kiwe tofauti?

Aprili 20, Jumamosi

Nilifikiri nirudishe springi za zamani. Nilikuwa nimempa Redio azitupe. Hakuzitupa, alizipeleka kiwandani, zikafungwa chini ya meza inayotikisa tofali. Nilikwenda kuziomba. Moja imekatika vipande viwili. Meza inatikisika upande mmoja, na tofali zinatoka zimeinama.

Aprili 25, Alhamisi

Mvua. Shemeji ameondoka na gari tena mchana. Ni siku ya tatu. Nikimuuliza alikuwa wapi, anasema, "Huko."

Aprili 28, Jumapili

Daktari ametaja siku. Dada anatoka Jumamosi ya tarehe 11. Ametembea kutoka kitandani hadi dirishani akiwa amefungwa mkanda, kisha akauliza kama mtu anaweza kuugua kwa kutazama dari.

Shemeji hakuwepo. Alikuja mwishoni, shati limekunjamana mgongoni, mbele limenyooka. Mtu huyu anayepiga pasi hata leso. Nimeanza kufikiri mambo mabaya. Mke yuko kitandani, yeye anatoka na gari kila mchana na kurudi mgongo umekunjamana. Sikuyaandika haya mapema kwa sababu nilitaka yasiwe kweli.

Mei 4, Jumamosi

Nimetoka kazini mapema nikaenda gereji, kumpigia Mzee Grisi magoti kama ni lazima. Gereji haikuwa na mtu. Nikasimama chini ya bati nikisubiri mvua ipungue.

Gari letu likaja kwenye ile njia ya nyuma ya soko, yenye mashimo yaliyojaa maji. Aliyekuwa anaendesha ni Mzee Grisi. Sikuona mtu mwingine. Kisha nikasikia sauti ya shemeji ikitoka ndani ya gari:

"Hilo limeingia kiunoni! Punguza! Tena! Hilo la mabega!"

Likasimama. Shemeji akajitokeza nyuma polepole, nywele zimevurugika, akaniona. Akaanza kujipangusa shati.

"Shemeji yako huyu," Mzee Grisi akasema, "siku zote hizi ananitesa. Yeye analala, mimi naendesha, anaita kila shimo kama kondakta. Mara ya kwanza nilifikiri amelewa."

 Nikasema tu, "Umeona tatizo, fundi?"

"Nimeona matatu, mojawapo ni wewe. Hizi nati za mikono ya ekseli, ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu."

"Likiwa linaning'inia."

"Ningezikaza wapi? Kazi yenyewe niliifanyia huko juu."

"Unazikaza mwisho, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Mle ndani kuna bushi, ile raba. Raba inatakiwa ishikwe pale inapokaa siku zote. Wewe umeishika ikiwa imenyooka, ukateremsha gari, imejisokota. Siku nzima inavuta. Ndiyo maana linalia."

Nilikuwa sijaelewa. Shemeji akanishika mkono, akaunyoosha, akabana nguo kwenye kiwiko. "Tuseme nashona mkono ukiwa hivi," akasema. Akaukunja mkono wangu. Shati likakaza mpaka begani. Hapo nikaelewa.

Mzee Grisi alilegeza nati gari likiwa chini, shemeji amelala ndani, akazikaza upya. Kelele zikaisha. Ugumu ukapungua, lakini haukwisha.

"Na tatizo la tatu?"

"Springi ni za mzigo. Bila mzigo haziteremki. Ungetakiwa uweke laini."

"Ningekuletea wewe tangu mwanzo, ungeweka laini?"

Akafikiri. Hilo nilimpendea. "Ungeniambia nzito, ningekuwekea nzito. Ulikohoa ukaondoka. Sikujua gari linambeba nani."

Springi laini za gari hili hana, na za kuagiza zitafika baada ya dada kutoka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na shemeji, gari tukaliacha kwake. Nilitaka kumwambia nilichokuwa nimefikiri juu ya lile shati. Nikamwambia atafute sabuni, matope hayatoki kwa maji matupu.

Mei 8, Jumatano

Lori la Redio limekwama. Msimamizi akatuomba gari tupeleke mchanga kwa mteja, magunia, huko ng'ambo ya machimbo. Shemeji aliendesha. Mimi nilipakia, nikapanda, nikakaa kiti cha nyuma.

Nilishtuka shemeji ananitikisa bega. "Tumefika."

"Tumefika wapi?"

"Kwa mteja. Umelala."

"Tumepita barabara ipi?"

"Ile ile ya machimbo."

Tukatazamana. Kisha wote wawili tukatazama magunia. Nyuma ya gari ilikuwa imeshuka, si kama mbwa, ilikuwa imekaa sawasawa kama mtu aliyetulia kwenye kiti. Mimi nimechoka, kweli, naweza kulala hata juu ya kokoto. Shemeji hakuamini usingizi wangu. Alinipa usukani, akajilaza mwenyewe, turudi magunia yakiwa palepale. Mteja akabaki anatushangaa, tumempelekea mchanga tukauchukua tena, kisha tukamrudishia.

Alipoinuka alisema neno moja tu: "Haya." Lakini hii niliielewa.

Mei 10, Ijumaa

Msimamizi ametugawia mchanga uliobaki kwenye chekeche, ule wa kutupwa. Uani, shemeji alilala kitini na mimi nikapakia nyuma gunia moja moja, nikaruka juu ya bampa la nyuma kila mara ili litikisike. "Bado," anasema. "Bado. Bado." Majirani wametoka kutazama. "Hapo." Nikaongeza moja. "Umezidisha, toa." Nimelitoa. Tumefunga magunia kwa kamba na kuweka ubao nyuma ya kiti yasije yakamwangukia. Mvua haijanyesha tangu Jumanne.

Mei 11, Jumamosi

Muuguzi na shemeji walimwingiza dada kwa shuka. Alinusa.

"Nini hicho nyuma?"

"Mchanga, dada."

"Watu wakitoka hospitali wanapewa zawadi. Mimi napelekwa nyumbani na mchanga?"

"Ndio unaokubembeleza."

"Mume wangu, huyu ana homa?"

"Ni kweli," shemeji akasema, na kwa kuwa hajui uongo, dada akanyamaza.

Kwenye lami alizungumza bila kupumzika. Tulipoiacha lami akaendelea kututukana, kila shimo na tusi lake, lakini matusi ya kawaida tu. Kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, siwezi kugeuka vizuri. Nikamtazama shemeji, mikono yake imeubana usukani. Shimo. Kimya. Shimo lingine. Kimya. Safari ya kwanza pia alinyamaza hivyo, sauti ilipomkauka.

Shemeji akasimamisha gari katikati ya njia. Hakuna aliyethubutu kugeuka.

"Dada?" nikasema.

Kimya.

"Dada!"

"Mbona mmesimama?" sauti ikatoka, nzito, ya mtu aliyeamshwa. "Nilikuwa nimelala."

Shemeji aliinamisha kichwa kwenye usukani. Honi ikalia. Dada akatukana kwa nguvu kuliko safari nzima.

Mei 12, Jumapili

Tuko nyumbani. Dada ametembea kutoka chumbani hadi mlangoni, shemeji akiwa nyuma yake mikono wazi kama anayefukuza kuku. Tumeshusha magunia, gari likapanda tena nyuma, limesimama kama lilivyokuwa siku ile. Likienda tupu litakuwa gumu vilevile.

Dada alikuwa anatutazama kutoka mlangoni.

"Basi hili gari limetengenezwa na nani? Wewe au fundi?"

 Springi niliziweka mimi, na siyo zilizotakiwa. Fundi alikaza nati ambazo nilikaza mimi. Magurudumu aliyaweka shemeji. Nilisoma kurasa zote hizi jana hadi mwisho na bado sijui. Nikamtazama shemeji anisaidie.

"Tulisaidiana," akasema. Kwake yeye hayo ni maneno mengi.

Dada akaigusa kwa ncha ya fimbo yake ile ngazi iliyomwangusha. Pembe yake yote imemeguka. "Na huo mchanga mtaumwaga wapi?"

Shemeji alikuwa ameshashika gunia la kwanza, analikokota hadi pale mlangoni. Nikaenda kumsaidia. Kesho nitanunua saruji ya kuijenga upya ngazi hiyo, na sitapunguza. Kipimo chake sihitaji kumuuliza mtu yeyote.